Alivyokuwa Akibetua Mdomo

Siku ya maonyesho ya picha mtaani kwetu nilivaa koti, ingawa jua lilikuwa la utosi. Nilikuwa na shughuli rasmi: nilitaka uso wa mke wangu.

Picha yake ya pekee ililowa paa lilipovuja. Gauni lilibaki, mikono ikabaki, uso ukawa doa. Tangu afariki nalitazama doa lile kila asubuhi, na nilianza kuogopa kwamba hata kichwani mwangu litabaki doa tu.

Barabara ilikuwa imefungwa kwa magari. Picha zilining'inia kwenye kamba za nguo, zimebanwa kwa vibanio, na joto lilifanya rangi zinukie mpaka mlangoni kwangu. Mwisho wa barabara, chini ya turubai, alikaa binti wa kinyozi wetu, anayechora watu kwa penseli.

"Shikamoo, babu. Kaa nikuchore."

"Marahaba. Si mimi, ni marehemu bibi yako. Nitakueleza, wewe utachora."

Mimi nilikuwa fundi bomba, lakini nilisoma masomo ya usiku miaka mingi, na kwa maneno sijapungukiwa. Nikamweleza: uso wa duara, macho maangavu, haiba iliyotulia, tabasamu mwanana. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, aliyekuwa akiuza juisi meza ya jirani, akaja kuchungulia na jagi lake mkononi.

"Shemeji, huyu nani? Unataka kuposa?"

"Ni dada yako."

"Dada yangu yupi? Eti mwanana! Yule aliyemkimbiza mwizi wa kuku kwa mwiko?"

Watu wakacheka. Nikatazama karatasi. Alikuwa mwanamke mzuri, wa kwenye kalenda. Sikumjua.

"Futa," nikasema. "Nitatafuta neno linalofaa zaidi."

"Babu, tuache maneno kwanza. Alikuwa anakutazamaje?"

Enzi zile nilikuwa nikirudi kutoka darasani na neno jipya, kama mtoto mwenye peremende mfukoni. Nikilitoa mezani, mke wangu alibetua mdomo upande, akafinya jicho moja, akasema, "Haya, Bwana Kamusi, kula kabla hakijapoa." Nadhani nusu ya masomo yangu niliyasoma kwa ajili ya mdomo ule.

"Hilo halielezeki," nikasema.

"Basi nionyeshe."

Mbele ya mtaa mzima? Mimi ambaye hata wenye suti husimama kunisalimia?

"Hawezi," shemeji akawaambia watu. "Hamuoni koti?"

Nikavua miwani. Nikabetua mdomo, nikafinya jicho.

Kicheko kilichopasuka kilimwamsha mtoto aliyekuwa amelala mgongoni kwa mama yake. Mtu akapiga mluzi. Ni shemeji peke yake aliyeacha kucheka.

"Kushoto zaidi," akasema taratibu. "Na nyusi. Dada alikuwa anapandisha nyusi."

Nikapandisha.

"Usishushe, babu. Hapohapo."

Jasho lilinitiririka hadi kwenye kola na mashavu yakauma, lakini sikushusha. Kwa muda ule nilikuwa nimeubeba mdomo wake kwenye uso wangu, na doa sikuliona tena. Nilimwona yeye, amesimama na sahani.

Binti akageuza karatasi. Shemeji akaliweka jagi chini.

"Ndiye," akasema. "Ndiye, na tayari umeshamuudhi."

Jioni niliitundika picha ukutani, mkabala na kiti changu cha kulia. Nikapakua, nikakaa, nikasafisha koo. Nilikuwa na neno la wiki hiyo, nimelisikia redioni.

"Mubashara," nikamwambia.

Alikuwa amebetua mdomo vilevile, upande wa kushoto, nyusi juu. Nikangoja aseme lake.

Chakula kikapoa.