Rensing Aitwaye Averdunk

Katika nchi ya Westfalia, mwaka ule serikali ilipoamuru kila mtu awe na jina moja lisilobadilika, Evert alikuwa ametimiza miaka kumi na tisa akiitwa Averdunk. Hakuzaliwa nalo. Lilikuwa jina la shamba la mkewe, Gesina, na kwa desturi ya huko shamba ndilo lenye jina. Mwanamume aoaye humo huliacha la babake kizingitini, pamoja na viatu vyake vya mbao.

Muda wote huo hakunung'unika, kwa kuwa nduguye Dirk alikuwa hai, akilibeba jina la Rensing. Lakini Dirk alifariki bila mtoto, na tangu siku ya maziko Evert alishikwa na kiu isiyokatwa na maji. Alitamani kuliona jina la babake likiandikwa, kabla naye hajaitwa na Mola wake.

Karani aliketi nyumbani kwa padri, daftari wazi mbele yake, wanakijiji wakingoja zamu zao.

"Jina?"

"Rensing," akasema Evert.

Jirani yake Lambert akaangua kicheko. "Msikieni! Miaka yote hii anakula nyama ya Averdunk, leo hataki jina lao! Gesina atakulaza na nguruwe, bwana wee!"

"Nguruwe hawaulizi jina," Evert akamjibu.

Karani hakucheka. "Ukiandikwa Rensing, wanao wote ni Rensing. Averdunk hatabaki hata mmoja. Niandike?"

Evert akageuka. Gesina alikuwa mlangoni, wa mwisho kubaki kati ya ndugu zake waliozaliwa na jina lile, mikono ameifumbata kifuani. Evert akaitambua kiu yake mwenyewe machoni mwa mkewe.

"Andika Averdunk," akasema.

"Ngoja, mwanangu!" Gesina akamsogelea karani. "Mwandike yote mawili. Rensing aitwaye Averdunk. Si ndivyo alivyo?"

"Refu mno, mama."

"Kwani wino unatoka nyumbani kwako?"

Watu wakacheka, karani akaandika, akionya kwamba watoto watabaki Averdunk tu. Evert aliyatazama maneno yale mpaka yakakauka.

Njiani akamwambia mkewe, "Niite."

Gesina akaona haya kama bibi harusi. "Rensing," akasema.

Evert hakuitika upesi. Alisubiri, akitumai ataita tena.