Mume wa Nyumba ya Mfano

Walipomaliza kujenga ile safu ya kwanza, ng'ombe wa mji wetu waliendelea kwenda malishoni kama kawaida. Malisho hayapo, zipo nyumba. Wakawa wanasimama barabarani mbele ya milango, wanatafuna hewa, wanangoja mtu awaeleze. Hakuna aliyewaeleza. Hata sisi tulikuwa hatujaelezwa vizuri.

Nyumba zenyewe zilifanana kama mayai ya kuku mmoja. Kabla hajahamia hata mgeni mmoja, mji ukaanza kujipamba. Muuza nyama alinunua aproni nyeupe. Kinyozi aligeuza kiti chake kitazame barabara. Mama yangu, fundi cherehani, aliandika mlangoni MAPAZIA, ingawa maisha yake yote alikuwa ameshona sare za shule na kupunguza suruali za marehemu ili ziwatoshe waliobaki.

Mimi nilipata kazi ya kupiga deki nyumba ya mfano. Ni ile ya kwanza ukiingia getini, iliyopambwa ili mnunuzi aone maisha yake yatakavyokuwa. Televisheni ilikuwa boksi tupu, matunda mezani yalikuwa ya plastiki, na vitabu rafuni vilikuwa migongo bila matumbo. Nilivifuta vumbi hivyo hivyo. Kazi ni kazi.

Meneja wa mauzo tulimwita Karibuni, maana alifungua mikono na kusema karibuni hata kwa mbuzi. Wateja walikuja, wakagonga kuta kwa vidole, wakavuta droo, wakaondoka. Siku moja mama mmoja alisimama katikati ya sebule akasema, "Nyumba nzuri, lakini ni kama ya watu waliomkimbia mdai." Siku hiyo Karibuni hakula mchana. Jioni akaniita.

"Umeolewa?"

"Bado."

"Jumamosi umeolewa. Vaa gauni la heshima, ukae kwenye kochi kama mwenye nyumba."

"Na nani?"

Akatazama huku na huku. Jikoni, chini ya sinki, ilikuwa imejitokeza miguu ya fundi bomba aliyekuwa anakaza nati. "Na huyo," akasema.

Miguu haikusogea. Kisha sauti ikatoka kule chini: "Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Kama nitatakiwa kuongea."

Mimi ni mtu wa kutazama. Shule niliishia darasa la saba, lakini macho hayakuishia pale. Yule fundi nilikuwa namtazama tangu nyumba zikiwa msingi. Nilijua anavyopanga spana zake kuanzia ndogo hadi kubwa, na jinsi anavyowasogezea ng'ombe ndoo yake ya maji akidhani hakuna anayemwona. Neno alilowahi kuniambia ni moja tu: "Usikanyage hapo, bado pabichi." Ilikuwa saruji. Basi nikakubali kuolewa Jumamosi. Nilichotaka ni kimoja, anitazame walau mara moja bila kuagizwa na meneja.

"Na msimwambie mtu," Karibuni akatuonya. "Hata mama."

Hilo halikuwa gumu. Kumwambia mama yangu ni kuutangazia mji. Mtu anayepimwa kiuno hana pa kukimbilia.

Jumamosi ikafika. Fundi akaja amevaa shati jeupe, na chini buti zake za kazi, akapanda nazo moja kwa moja kwenye zulia.

"Vua viatu," nikamwambia.

"Viko sawa."

"Haviko sawa. Zulia hili nimelisugua kwa magoti."

"Basi magoti ndiyo yana shida, viatu havina."

Hatukujua kwamba mlangoni wamesimama bwana na mkewe. Yule mke akamgusa mumewe kwa kiwiko. "Unaona? Hapa watu wanaishi." Wakachukua nyumba ya jirani siku ile ile.

Karibuni karibu atubusu. Tangu hapo kila Jumamosi alitaka ugomvi. "Leo gombaneni kuhusu ndugu wa mume," alituelekeza. Sisi tuligombania viatu tu, maana ndio ugomvi tuliokuwa nao. Namwambia vua, anaficha miguu chini ya kochi. Namwambia huna adabu, anasema adabu haikai miguuni. Wateja wanacheka, wanaweka sahihi. Nyumba zikauzika kama karanga, na mimi nikarudi nyumbani kila mara nikiwa na hasira ya kweli, maana mume wangu alikuwa analitazama zulia kuliko mimi.

Wageni wakahamia, wakaanza kutafuta mapazia. Mama alishona hadi cherehani ikapiga kelele. Akaja mwanamke mmoja, akamwambia, "Nishonee kama ya wale vijana wa nyumba ya kwanza. Yule binti mwenye mwanya na mumewe fundi bomba. Wanagombana vizuri sana wale."

Mama akaweka chaki chini. Mwanya wa namna hiyo mji mzima ulikuwa mmoja, na aliyeuzaa ni yeye.

Kwangu hakusema kitu. Jumamosi iliyofuata, wateja wetu walikuwa wazee wawili, mke na mume, wanapima madirisha kwa futikamba. Nikasikia hodi. Mama kajifunga kitambaa chake cha kwendea harusini. Nyuma yake shangazi, dada wa marehemu baba, na ule mkoba wake anaoubeba misibani na mahakamani.

"Karibuni, karibuni," Karibuni akafungua mikono.

"Tumeshakaribia," mama akasema. "Nimekuja kumsalimia mkwe wangu, kama ana nafasi."

Nikikana, nyumba haiuziki na kazi sina. Nikinyamaza, nimeolewa mbele ya mashahidi na mume mwenyewe hana habari. Wale wazee wakaacha kupima, wakakaa kochini wasikie vizuri.

"Lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja," shangazi akasema. "Tunaomba kujua limefika wapi."

Mama akamgeukia fundi. "Kijana, mwanangu ulimwoa lini?"

Fundi akasimama. Akamtazama Karibuni, naye Karibuni akayatazama matunda ya plastiki. Kisha akanitazama mimi. Hakuna aliyemwagiza.

"Sijamwoa, mama. Hapa nimeajiriwa."

"Umeajiriwa kuwa mume?"

"Jumamosi tu."

"Ala," yule bibi wa kochini akasema. Karibuni akafumba macho.

"Lakini siku nyingine," fundi akaendelea, anakuna shingo, "nimekuwa nafikiria kuja kwako. Bila kuajiriwa."

Moyo wangu ulipiga hadi nikadhani unasikika mkobani kwa shangazi.

"Umefikiria," mama akasema. "Mbona hukuja?"

"Kwenu mnavua viatu mlangoni."

"Tunavua. Kwani wewe umezaliwa navyo?"

Aliinama, akaanza kufungua kamba za buti, taratibu, kama mtu anayefungua bomba asilojua litamwaga nini. Akavua ya kulia. Soksi haikuwa na mbele. Kidole gumba kilikuwa kimetoka chote, kinachungulia kama mpangaji dirishani. Akavua ya kushoto. Hiyo haikuwa na kisigino.

Jumamosi zote zile. Nami namwita hana adabu.

Mama akaitazama ile miguu. Fundi cherehani ameona matundu ya mji mzima, na hamwambii mtu. Hapo tu ndipo mdomo wake una kufuli. Akachomoa sindano aliyoichomeka kwenye kola, yenye uzi tayari, akakaa kati ya wale wazee wawili.

"Lete," akasema.

"Nini, mama?"

"Soksi. Mkwe hawezi kuingia kwangu kidole kimemtangulia."

Shangazi akafungua mkoba, akampa miwani yake.

Yule bibi akamnong'oneza mumewe, lakini wote tulisikia: "Tuchukue hii hii. Na kochi lake." Karibuni akafumbua macho.

Fundi akabaki peku, hajui aiweke wapi miguu. Akapiga hatua kuelekea kwangu, kwenye zulia nililoliosha asubuhi.

"Usikanyage hapo," nikamwambia. "Bado pabichi."

Akasimama, akanitazama mara ya pili.