Mhasibu wa Nyumba Hii

Alimleta mwenyewe, na hilo ndilo lililomkata maini kuliko yote. Angeletwa na kaka yake, au na washenga, angalau angepata wa kumlaumu. Wapi! Yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, alimwita yule msichana siku alipomkuta amekaa kwenye ngazi za chuo anafuta machozi baada ya mhadhara wa uhasibu. Debiti na krediti zilikuwa zimemtoa jasho. Akamwambia, "Acha kulia bwana, twende nyumbani, nitakufundisha." Akampeleka. Akampa kiti, akampa chai, akampa na penseli yake.

Mwenye penseli huyo, nyumbani kwao walimwita Mhasibu tangu anang'oka meno ya utoto. Mama yake alipowaletea biskuti, yeye ndiye aliyegawa, nusu zake na nusu za kaka yake, na ikibaki moja anaichukulia rula anaikata katikati. Mama, aliyekuwa muuguzi kabla ya kustaafu, aliwasimulia hadithi hiyo wauguzi wa wodi nzima. Jina likamganda. Alipochaguliwa kusomea shahada ya biashara hakuna aliyeshangaa, ila mama alilia kwa furaha na kusema, "Si nilisema? Mhasibu wangu huyo."

Basi wakawa wanasoma wawili, rafiki na rafiki, kwenye meza ya kulia chakula karibu na dirisha. Mhasibu alieleza, mwenzake akaandika. Kama hakuelewa, alielezwa tena mpaka akaelewa. Na kaka mtu, fundi wa friji, akaanza kurudi mapema kutoka kazini. Kwanza alipita sebuleni kutafuta bisibisi. Sasa nyie niambieni, bisibisi gani hiyo inayopotea kila siku wakati mgeni yupo, na mgeni akiondoka inaonekana? Mhasibu alicheka wakati ule. Alimtania kaka yake hadi akaona haya. Hakujua kwamba anachekelea msiba wake.

Harusi ikapita. Rafiki akawa wifi, akahamia, na kile kiti cha karibu na dirisha kikawa chake, maana ndicho alichozoea. Kila mtu akaona sawa.

Wivu haukuja siku moja. Ulianza na vitu vya kijinga hata kuvisema ni aibu. Mama anamimina chai, anaanza na mkwe. Mama anaumwa mgongo, anayeitwa kuukanda ni mkwe, "ana mikono laini huyu mtoto." Mhasibu akatazama mikono yake mwenyewe. Halafu chuoni, mhadhiri wao, yule mzee waliyempachika jina la Mizania kwa kuwa hamalizi dakika bila kusema pande mbili lazima zilingane, akasimama mbele ya darasa akasoma jibu la zoezi. "Sikilizeni kazi ya mtu anayefikiri," akasema. Jibu lilikuwa la wifi. Darasa likapiga makofi. Mhasibu naye alipiga, akacheka jino pembe, na moyoni alikuwa akisema: nani aliyemfundisha? Mbona hamuulizi nani aliyemfundisha?

Lakini iliyomfika kooni ilikuwa ile ya jina. Jioni moja mama aliita kutoka jikoni, "Mhasibu!" Akaitika, "Abee mama," akainuka.

"Si wewe," mama akasema akicheka. "Namwita Mhasibu mdogo. Siku hizi ninao wawili humu ndani, raha ilioje!"

Wifi akaenda mbio, akicheka kwa haya. Alipopita alimbana Mhasibu begani kwa mapenzi, kama kusema, msikie mama na maneno yake. Mhasibu akatabasamu. Akarudi kukaa, akafungua kitabu, na asione hata herufi moja. Alikuwa amempa mtu meza, amempa kaka, amempa mama bila kuulizwa. Sasa na jina? Hapana jamani. Hapana.

Mtihani wa mwisho wa mwaka wa pili ukakaribia, na huo ndio uliokuwa unaamua kila kitu. Chuo kilichukua wanafunzi wachache tu kuingia mkondo wa uhasibu. Wengine wote walisukumwa kwenye usimamizi. Si kwamba usimamizi ni balaa, la hasha, watu wanausoma na wanaishi vizuri. Lakini ukiutaka uhasibu na ukaukosa mwaka ule, umeukosa, hakuna kurudia. Wifi aliutaka kufa kupona.

"Nikikosa, wifi, kwetu nitaanza kuwaambia nini?" alisema. "Wote walisema hesabu si zangu. Baba hata harusini alinitania mbele za watu."

"Hutakosa," Mhasibu alijibu. Na hilo ndilo lililomuuma, kwamba alijua ni kweli. Mwenzake hangekosa.

Siku moja kabla ya mtihani, mchana, wifi alikuwa anaanika nguo uani, daftari kalibana kwapani. Mhasibu alikuwa kwenye kizingiti anachambua maharage. Wifi akauliza huku anakung'uta shuka.

"Wifi, ile kodi ya pango iliyolipwa kabla. Kwenye hesabu ya faida, inapunguzwa kwenye gharama au inaongezwa?"

Swali lenyewe lilikuwa la mchezo. Duka limelipa kodi mpaka ya mwaka ujao. Ile ya mwaka ujao si gharama ya mwaka huu, unaitoa, kwisha. Mhasibu alilijua hata usingizini. Akaokota jiwe kwenye maharage, akalitupa.

"Unaongeza," akasema.

Wifi akasita, shuka mkononi. "Una uhakika? Mimi nilikuwa naona kama inapunguzwa."

"Kwani nani aliyekufundisha uhasibu humu ndani?"

"Wewe."

"Basi."

"Haya, yaishe, Mwalimu wangu," wifi akacheka, akafungua daftari, akakata kitu, akaandika kingine. "Afadhali nimekuuliza. Ningeaibika!"

Mhasibu aliendelea kuchambua. Alijiambia atamrekebisha baadaye. Ni utani tu. Atamwambia wakati wa kula, watacheka. Wakala, hakusema. Wakaosha vyombo, hakusema.

Asubuhi walipokuwa wanatoka, bado nafasi ilikuwepo. Njia nzima ilikuwepo! Wifi alikuwa ananong'ona kama mtu anayesali, "Iliyolipwa kabla inaongezwa, inaongezwa," na Mhasibu akafungua mdomo kabisa. Lakini mama akatoka na kanga begani, akamshika mkwe wake uso kwa mikono miwili, akambusu kipaji. Kisha akamgeukia binti yake, akamwambia tu, "Na wewe mwangalie mwenzio."

Mwangalie mwenzio! Basi ndiyo baraka yake hiyo? Ndiyo yote? Mdomo ukafungika wenyewe.

Kwenye ukumbi wa mtihani Mhasibu alikaa nyuma ya wifi yake. Karatasi zikagawiwa. Swali la kwanza, lenye alama nyingi kuliko yote, lilikuwa la duka, hesabu ya faida na mizania yake, na pale chini kwenye maelezo, kodi ya pango iliyolipwa kabla. Akaandika jibu lake, akapunguza inavyotakiwa, pande mbili zikalingana mara ya kwanza. Alipoinua macho akauona mgongo wa wifi umeinama. Akasikia kifutio. Kikasugua, kikanyamaza, kikasugua tena. Msimamizi alipotangaza muda umebaki kidogo, kifutio kilikuwa bado kinasugua. Mhasibu alijiambia anapaswa kufurahi. Alitafuta ile furaha, asiipate popote.

Matokeo yakatoka. Mhasibu kaingia mkondo wa uhasibu. Wifi kakosa, tena kwa alama za kuhesabu vidoleni.

Nyumba ikapoa. Kaka mtu alikaa na mkewe chumbani mlango umefungwa. Mama hakujua amfariji nani na ampongeze nani, akafanya yote mawili kwa mpigo, akaharibu yote mawili. Kisha wifi akasema chuo kinaruhusu mtu kwenda kutazama karatasi yake, si kwa ajili ya kubadilisha chochote, ila angalau ajue alipokosea. "Nenda naye," mama akamwambia Mhasibu. "Wewe ndiye unayejua haya mambo."

Angekataa kwa kisingizio gani? Akaenda.

Ofisi ya Mizania ilikuwa chumba kidogo kilichojaa mafaili hadi dirishani, kiti cha mgeni kimoja. Wifi akakaa, Mhasibu akabaki amesimama mlangoni. Mzee akavaa miwani, akafungua karatasi, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, wewe umenisikitisha. Tazama hapa. Uliandika vizuri kabisa, kodi umeipunguza. Halafu umekata. Umeongeza! Kwa nini?"

Wifi akaisogelea karatasi.

"Na baada ya hapo mizania ikakukatalia. Lazima ikatae. Ukaanza kuhangaika. Umerudia bidhaa, umerudia wadeni, umefuta mpaka karatasi imetoboka. Kila mahali umetafuta kosa, ila hapa hukurudi hata mara moja. Mbona hapa hukurudi?"

"Hapa nilikuwa na uhakika, mwalimu," wifi akasema taratibu.

"Uhakika wa nini, na ulishaandika lililo sawa? Ungeliacha tu, leo ungekuwa kwenye uhasibu." Mzee akavua miwani, akamwona aliyesimama mlangoni, uso ukamchangamka. "Si huyu hapa mwenzako? Huyu swali hilihili kalipata lote, hajakata hata mstari mmoja. Kodi kaipunguza palepale, safi. Mnakaa nyumba moja, sivyo? Mwambie akufundishe!"

Wifi akageuka polepole. Akamtazama Mhasibu. Si jicho la hasira, heri lingekuwa la hasira, angejua la kufanya. Alimtazama kama mtu anayepiga hesabu na jibu linatoka lile ambalo hakulitaka. Kisha akamrudia mzee.

"Amenifundisha, mwalimu," akasema. "Ahsante."

Wakashika njia ya nyumbani. Mhasibu alijaribu, jamani, asionewe, alijaribu. "Wifi, siku ile..." Mwenzake akaendelea kutembea, hakukaza mwendo wala hakupunguza.

Mama alikuwa anawasubiri. "Wamesemaje?"

Mhasibu akafunga macho, akasubiri. Sasa itasemwa, mbele ya mama, mbele ya kaka aliyekuwa anafunga kifuko chake cha vifaa. Hofu ilimjaa, na chini ya hofu kulikuwa na kitu kama nafuu.

"Nilijichanganya mwenyewe, mama," wifi akasema. "Nilikuwa na jibu, nikalifuta."

"Pole mwanangu. Pole sana."

"Nimeshapoa." Akaenda kwenye meza ya dirishani, akakusanya vitabu vyake vyote vya uhasibu, akavipanga vizuri mbele ya kiti cha Mhasibu. Penseli ile aliyopewa siku ya kwanza akaiweka juu yake. Akavuta kiti kingine, cha upande wa ukutani, akakaa na gazeti.

Mama akarudi jikoni kuinjika chai. Walimsikia akigonga vikombe, akipenga kamasi kidogo, akijikaza. Kisha akaita kwa sauti ya kuchangamsha nyumba, kama alivyozoea.

"Mhasibu! Njoo unisaidie huku!"

Hakuna aliyeitika. Mhasibu akamtazama wifi yake, akamwomba kwa macho, itika wewe, chukua, lako, nakuachia.

Wifi akafunua ukurasa wa gazeti.

"Wifi," akasema, bila kuinua kichwa. "Unaitwa."