Kabla ya Chupa ya Kwanza

Mashine ililetwa maabara ndani ya sanduku kubwa kama kabati la nguo, na Tone akaichukia kabla haijafunguliwa. Hakuficha. Miaka kumi na tisa alikuwa anapima maji ya mji mzima kwa mikono yake: ya bomba, ya visima, ya chemchemi, na yale machafu yanayotoka viwandani. Jina la Tone walimpa wenzake kwa sababu alidondosha dawa tone moja bila la pili kuponyoka, hata akiwa anabishana mambo ya mpira. Sasa limekuja dude lina mkono wa chuma na sindano. Linachovya, linanyonya, linatia dawa, linasoma rangi, linatuma namba kwenye kompyuta. Haliendi msalani. Halibishani mpira.

Na aliyelileta nani? Shemeji yake mwenyewe, mdogo wa mke wake. Ndiye aliyeandika programu ya kuliendesha. Tone alimbatiza Kinanda, maana vidole vyake havitulii kwenye kompyuta, utadhani anapiga muziki.

"Shemeji, usininunie," Kinanda alimwambia. "Nimekuja kukupunguzia kazi."

"Umeipunguza mpaka imeisha."

"Si utapumzika?"

"Nikipumzika dada yako atakula nini, programu?"

Wiki nzima ya kwanza Kinanda alifunga kamera juu ya meza, ikaangalia mikono ya Tone tangu anafungua chupa ya kwanza mpaka anasuuza pipeti, kijimrija cha kudondoshea dawa, mara ya mwisho. Akaandika kila kitu. Anatikisa sekunde ngapi, anasubiri rangi ikolee dakika ngapi. Hata tabia ya kugonga chupa kwa kucha akaiona.

"Na hiyo ya kugonga ni ya nini?"

"Ya kuyaamsha maji."

"Acha utani, shemeji."

"Andika tu. We si unaandika kila kitu?"

Akaandika.

Mkuu wa maabara, mama mmoja asiyependa maneno mengi, akaweka sharti. Wiki ya pili, kila siku chupa arobaini. Tone anapima madini ya chuma kwa mkono, halafu mashine inapima chupa zilezile. Wakilingana siku tano mfululizo, mashine inachukua meza na Tone anahamia stoo. Ijumaa ikipita hawajalingana hata siku moja, mashine inarudi ilikotoka.

Hapo Tone alijua anachoombea.

Jumatatu chupa thelathini na nane zikalingana, mbili zikagoma. Chupa ya kumi na mbili ilikuwa maji ya chemchemi, meupe kama machozi. Tone alikuta karibu hakuna chuma. Mashine ikasema kimejaa. Jumanne ikagoma ya tano. Jumatano ya ishirini na ile ya ishirini na saba. Namba hazina mpangilio, ila kila ikikosea, inakosea kwa kuzidisha.

Kinanda alikodoa macho kwenye programu yake mpaka yakawa mekundu. Kule kazini kwao aliijaribu mashine kwa maji ya bomba, chupa mia, haikukosea hata moja.

"Programu haina kosa," akasema. "Labda uchafu uko kwenye vikombe."

Vikombe ni vile vidogo vya kioo ambavyo mashine inachanganyia maji na dawa. Tone alikuwa na vyake na aliviosha mwenyewe. Vya mashine vilioshwa na Mama Brashi, aliyekuwa hapo tangu maabara ina sinki moja. Mkuu akamwita.

"Mimi nasugua mpaka kucha zimeisha, mama," Mama Brashi akasema, akaonyesha vidole.

"Nimeona. Kesho zikikosea tena, Ijumaa usije."

Tone akageukia dirishani. Alisema moyoni kwamba hayamhusu.

Alhamisi alimaliza chupa zake mapema, akazirudisha kwenye trei kwa namba, moja mpaka arobaini, akasimama nyuma ya mashine na mikono mfukoni. Sindano ikaenda ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ikafika ya nane, maji ya kiwanda cha ngozi, meusi kama chai iliyosahaulika jikoni. Ikanyonya. Ikajisuuza mara moja, chwi. Ikaelekea ya tisa, kisima cha zahanati.

Mkono wa Tone ukachomoka mfukoni wenyewe kwenda kuizuia.

Akaurudisha. Akajiuliza, nilitaka kufanya nini? Ndipo akajibiwa na mikono yake. Yeye asingetoka kwenye maji ya ngozi akaingia kwenye maji ya zahanati hata umpige. Kila asubuhi, Kinanda hajafika, koti hajalifunga vifungo, alikuwa anainua chupa mojamoja kwenye mwanga wa dirisha na kuzipanga mezani: safi mwanzo, chafu mwisho, viwanda mkiani kabisa. Hakufundishwa na mtu. Haikuandikwa popote. Hakuhesabu kuwa ni kazi, kama vile mtu hahesabu kukohoa. Kamera ilikuwa inawashwa akishamaliza, na kwenye trei ya mashine chupa zilirudi kwa namba. Kwa hiyo kila safi iliyofuata chafu ililambishwa mabaki ya jirani.

Kumbe ndiyo hiyo tu. Sentensi moja, na mashine ingepona.

Tone akafunga mdomo. Nani anakata tawi alilolikalia?

Chupa ya tisa ikakosea, kama alivyojua. Saa nane mkuu akamwambia Mama Brashi avue aproni. Mama Brashi hakulia wala hakutukana. Aliikunja aproni mara nne, akaiweka kwenye ukingo wa sinki, akamuaga kila mtu. Alipomfikia Tone akampa mkono, na mkono wenyewe ulikuwa umechubuka kwa sabuni.

"Kaa salama, mwanangu. Angalau wewe utabaki."

Nyumbani mke wake alimwangalia anavyosukuma sahani.

"Mdogo wangu amepiga simu, anasema kesho ikikosea tena mashine inarudishwa. Nilidhani utacheka."

"Nimechoka."

"Wewe ukichoka unaongea sana. Leo umenyamaza kama mtu aliyemeza kijiko."

"Wamemfukuza Mama Brashi."

"Ana kosa?"

Tone akanyanyuka kwenda kunawa.

Ijumaa alimsubiri Kinanda mlangoni, chupa bado ziko kwenye kreti.

"Njoo uone kitu. Kamera acha, tumia macho."

Akainua chupa ya kwanza dirishani, ya pili, ya tatu, akaanza kupanga. Kinanda akasimama na mkoba begani.

"Unafanya nini?"

"Nazipanga. Safi kwanza, chafu mwisho. Sindano yako inatoka kwenye uchafu inaingia kwenye safi. Kusuuza mara moja hakutoshi."

Kinanda akakaa kwenye stuli. "Unafanya hivi kila siku?"

"Tangu nianze kazi."

"Shemeji! Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Na nilikuwa sijui kama nafanya."

"Umejua lini?"

Hapo uongo ulikuwa karibu kuliko ukweli, umekaa kwenye ncha ya ulimi. Tone akaumeza.

"Jana."

"Jana saa ngapi?"

"Kabla Mama Brashi hajafukuzwa."

Kinanda akavua mkoba begani. Akageukia kompyuta na vidole vikaanza. Mashine ilikuwa na jicho la kusomea rangi. Akaiagiza ilitumie mwanzo kabisa: ipige mwanga kwenye chupa zote arobaini, ijipangie safi mbele chafu nyuma, na baada ya kila chafu ijisuuze mara nne. Haikumchukua hata saa nzima. Tone alipima zake kwa mkono, ya kwanza hadi ya mwisho, bila kubishana na mtu.

Saa saba mkuu akasoma karatasi mbili sambamba. Arobaini kwa arobaini.

"Kosa lilikuwa nini?"

Kinanda akafungua mdomo, Tone akamwahi. Akaeleza yote, na ile ya jana pia. Mkuu akachukua simu, akampigia Mama Brashi mwenyewe, akamwambia Jumatatu arudi. Alipokata akamgeukia Tone.

"Hii ni siku ya kwanza. Zimebaki nne."

"Najua kuhesabu, mama."

Zikatimia Alhamisi iliyofuata. Tone akasaini fomu kwamba mashine inapima sawa na yeye, na aliisaini bila kusita kwa sababu ilikuwa kweli.

Stoo ilikuwa chumba chembamba chenye rafu hadi dari na kijidirisha cha kupitishia vitu. Mteja wa kwanza alikuwa Mama Brashi.

"Nipe brashi mbili, za shingo nyembamba."

Tone akampa, akaandika daftarini. Mama Brashi hakuondoka.

"Wanasema ulijua tangu Alhamisi ile. Nilipokuaga, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Mama Brashi akazigeuza brashi mkononi, akaijaribu moja kwa kidole gumba.

"Hii imelegea," akasema. "Nibadilishie."

Tone akapanda ngazi kwenda kumtafutia nyingine.