Kiapo cha Wake Kumi na Mmoja

Faili lilirudi Sindo kutoka idara ya uhamiaji siku ya Jumatatu, likiwa ndani ya bahasha ileile ya kaki ambayo Machuki alikuwa ameifunga kwa mkono wake mwenyewe mwezi uliopita. Juu yake palibandikwa karatasi ndogo yenye mstari mmoja wa kalamu nyekundu: Nyar Tarime ni nani?

Machuki aliusoma akiwa amesimama. Kisha akavuta kiti, akaketi, akausoma tena, kwa maana hakuwa mtu wa kushtuka kabla hajahakikisha kuna la kushtusha.

Alikuwa na saiba karibu na ufuo wa ziwa, chumba kimoja chenye kompyuta tatu, printa na mashine ya fotokopi. Hakuna aliyemfundisha kazi hiyo. Alitoka Kisii na kompyuta moja iliyokufa, akaifungua, akaiunga, na miaka kumi na mmoja baadaye nusu ya Sindo ilikuwa imejaziwa fomu na vidole vyake. Fomu za kodi, za shule, za vyeti vya kuzaliwa, zote alizijua kama mtu anavyojua njia ya kisimani. Lakini ombi la uraia lilikuwa la kwanza. Alikuwa amesoma masharti yake mstari kwa mstari kwa miezi miwili, akitia alama ya penseli kila alipoelewa.

Mwombaji alikuwa Pauline Mong'ina, mzaliwa wa Tarime, Tanzania. Aliolewa Sindo na fundi wa mashua aitwaye Dishon Otieno, na kwa miaka kumi na tisa aliishi Kenya kwa kibali cha mke wa mwananchi. Dishon alifariki mwaka jana. Kibali kilikuwa kinaisha tarehe thelathini mwezi huu wa Juni, na hakikuweza kuandikwa upya, kwa kuwa mume hayupo. Ombi la uraia likipokelewa kabla ya siku hiyo, angeruhusiwa kukaa akingoja jibu. Lisipopokelewa, ilimpasa avuke mpaka arudi kwao, ambako wazazi walishakufa na shamba lilishagawanywa, awaache watoto wake wawili kwa nyanya yao. Zilibaki siku kumi na nne.

Machuki akazitandaza karatasi zote mezani kwa kufuata miaka. Ndipo alipoliona kosa, na kosa lilikuwa lake.

Upande wa kushoto kulikuwa na cheti cha kuzaliwa, pasipoti, vibali, na cheti cha ndoa kutoka kanisa la Migori, mji ambako Pauline alikuwa akiuza nyanya sokoni Dishon alipomwona. Zote ziliandikwa Pauline Mong'ina. Upande wa kulia kulikuwa na mambo ya Sindo: kadi ya kliniki, daftari la kikundi cha wanawake wanaoanika dagaa waitwao omena, barua ya kanisa, barua ya chifu, barua za wadhamini wawili. Zote ziliandikwa Nyar Tarime. Ukizitazama, ungedhani mwanamke mmoja alifia Migori mwaka wa 2006, na mwingine akazaliwa Sindo wiki iliyofuata akiwa mtu mzima.

Barua ya chifu na za wadhamini alizipiga chapa Machuki mwenyewe. Hakufikiri. Pale ufuoni mwanamke aliyeolewa huitwa kwa kule alikotoka: nyar, yaani kwa Kijaluo binti wa, halafu jina la mahali. Kulikuwa na Nyar Oyugis, Nyar Rusinga, Nyar Kadem. Machuki alikuwa amemwita Pauline Nyar Tarime kila asubuhi kwa miaka kumi na mmoja, na vidole vikaandika kile mdomo ulichozoea.

Alasiri Pauline alikuja pamoja na mama mkwe wake, mwanamke mrefu aliyetembea polepole, ambaye watu wote walimwita Nyar Asumbi.

"Hiyo kalamu nyekundu inasema nini?" Pauline aliuliza.

"Inauliza wewe ni nani."

Mama mkwe ndiye aliyejibu. "Si ungewaambia?"

"Niliwaambia, mama. Niliandika Nyar Tarime."

"Sasa kosa iko wapi?"

"Pasipoti haina Nyar Tarime. Serikali inamjua mtu mwingine kabisa." Machuki akasita kidogo, kisha akauliza kwa upole. "Mama, wewe unalijua jina lake? Lile la kitambulisho."

Mama huyo alimgeukia mkaza mwanawe, akamtazama kana kwamba jina lingekuwa limeandikwa kwenye paji la uso. "Mimi niliambiwa ametoka Tarime. Hiyo ndiyo tunauliza mtu akiletwa. Jina yake ya kwao ni ya kwao."

"Hata mimi lako silijui, mama," Pauline alisema. "Miaka kumi na tisa tunapika jiko moja."

"Ungelijua vipi? Nani angekuambia?" Wote wawili wakacheka, kicheko kifupi, kisha kila mmoja akakumbuka kilichowaleta.

Machuki alipiga simu kwenye nambari iliyokuwa chini ya mstari mwekundu. Aliyepokea aliitwa Bi Emmaculate, afisa wa uhamiaji, na hakuwa mkali. Alieleza kwamba angekuwa Homa Bay Alhamisi. Alitaka hati ya kiapo, iliyoapwa na watu walioishi na mwombaji, mbele ya wakili, kwamba Pauline Mong'ina na Nyar Tarime ni mtu mmoja. Na watu hao waje wenyewe na vitambulisho vyao.

"Lakini wawe wanamjua," aliongeza. "Sitaki watu wa kukodiwa."

Machuki alikata simu. Mtu aliyeyajua majina yote mawili alikuwa Dishon, na Dishon alikuwa kaburini nyuma ya nyumba yake. Angeweza kuandika kwamba wanawake wa ufuoni walimjua Pauline Mong'ina tangu zamani. Wangetia sahihi bila kuuliza, wakimwamini. Lakini hicho kingekuwa kiapo cha uongo, na Machuki hakuwa tayari kumjengea mtu uraia juu ya uongo, hata uwe mdogo kama punje ya mtama.

Siku ya pili nzima hakuandika kitu. Jioni ndipo wazo lilipomjia, tena lilikuwa wazo rahisi mpaka likamwaibisha: waape kile wanachokijua, kwamba mwenye uso ule wa pasipoti ndiye Nyar Tarime wao, na waseme wazi wasichokijua.

Jumatano asubuhi walikuja wanawake kumi na mmoja, wengine magamba ya omena yakiwa bado mikononi. Walijaza chumba, wakakalia viti na madebe, wawili wakaketi kizingitini. Machuki aliiweka pasipoti mezani, imefunguliwa penye picha.

"Kila mmoja aje aangalie picha hii," alisema. "Kisha aniambie mambo mawili. Kwanza, jina lake mwenyewe kama lilivyo kwenye kitambulisho. Pili, anamjuaje mtu huyu. Lile unalolijua tu."

"Jina yangu ya nini?" Nyar Kadem aliuliza. "Si ni Nyar Tarime anatafutwa?"

"Kwa sababu Nyar Kadem hawezi kuapa. Mahakama haimjui."

"Kumbe hata mimi sipo," alisema yule mwanamke, na chumba kikacheka.

Mama mkwe alikuwa wa kwanza. Alikitoa kitambulisho ndani ya kitambaa, akakiweka mezani kwa mikono miwili. "Zilpah Anyango," Machuki akasoma kwa sauti. Wanawake ambao Zilpah alikuwa amewaongoza kwenye mazishi na harusi kwa miaka arobaini walikuwa wakilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza.

"Zilpah," mmoja alirudia taratibu, kama anayeonja chumvi ya mchuzi.

"Andika," Zilpah alisema. "Jina la Pauline nimelijua juzi. Huyu wa kwenye picha aliletwa na mwanangu, akiwa amevaa kanga ya kijani. Nilipovunjika nyonga alinibeba kwenda chooni miezi mitatu. Nilikuwa namtukana kwa uchungu. Hakunijibu."

Pauline aliinama akaanza kuchuna magamba kwenye kidole chake.

Machuki aliandika. Akaja Cate Awuor, ambaye ni Nyar Oyugis: ndiye aliyenishika mgongo nilipojifungua mtoto wangu wa tatu, mvua ikinyesha na mkunga hajafika. Akaja Nyar Rusinga: mume wangu alipozama ziwani, alilala nyumbani kwangu siku saba, hakusema neno hata moja la kunituliza, na hivyo ndivyo nilivyotaka. Akaja mwingine: tuligombana juu ya sehemu ya kuanikia, mwaka mzima hatukusalimiana, kisha mtoto wangu akaugua na yeye akawa wa kwanza kuja. Kila aya ilianza vilevile: Jina la Pauline Mong'ina sikulijua mpaka wiki hii.

Wa nane alikuwa mwanamke ambaye Machuki alimsalimia kwa Kigusii kila siku sokoni, akimwita Nyar Kisii kama watu wote. Kitambulisho kilisema Joyline Nyaboke, na mahali pa kuzaliwa palikuwa mwendo wa nusu saa kutoka kwa baba yake Machuki. Alikuwa amekitoa kopi kitambulisho hicho zaidi ya mara tano. Aliona haya, akaandika.

Kufikia saa saba karatasi zilikuwa sita. Machuki alizisoma kutoka mwanzo kutafuta makosa, na alipofika katikati akaacha kutafuta. Alijaza fomu za watu kwa miaka mingi, na siku zote alidhani fomu ndiyo inayomshika mtu, na yaliyobaki ni maneno tu. Hapa palikuwa na mtu mzima, kutoka kanga yake ya kijani hadi kunyamaza kwake, ameshikwa na watu kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyehitaji jina lake ili kumshika. Akaurudia ukurasa uleule.

"Kuna kitu kimekosekana?" Pauline aliuliza.

"Hapana."

"Mbona hugeuzi ukurasa?"

"Nasoma," alisema Machuki.

Zilpah alimtazama. "Mkisii, usishangae. Waliozaliwa hapa ni wanaume. Sisi sote tulikuja."

Alhamisi, mjini Homa Bay, wakili alisikiliza kiapo kikisomwa, akagonga muhuri karatasi moja baada ya nyingine. Kutoka hapo wakaenda kwa Bi Emmaculate. Alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani, na alipoona watu kumi na watatu mlangoni aliondoka kwenye kiti chake, akaomba mabenchi mawili yaletwe. Kisha alisoma karatasi zote sita bila haraka. Alipomaliza, alianza kuita majina ili kulinganisha nyuso na vitambulisho.

"Zilpah Anyango."

Hakuna aliyesimama. Nyar Oyugis akamgusa mama kiwiko. "Ni wewe."

"Ah. Ni mimi," alisema Zilpah, akasimama.

Kuanzia hapo kila mmoja alisimama kwa namna yake, wengine wakijinyoosha kama wanafunzi. Wa mwisho kuitwa alikuwa Pauline Mong'ina. Yeye alikuwa amekwisha kusimama.

Afisa aliitazama picha, akamtazama uso. "Sitakudanganya, mama. Jibu linaweza kuchukua muda, na si mimi ninayelitoa. Wanaweza kukataa. Lakini ombi lako limekamilika, na nimelipokea leo." Aligonga muhuri wa tarehe kumi na tisa Juni, akararua stakabadhi, akampa. "Ukiulizwa kibali, onyesha hii. Hakuna wa kukuondoa tukiwa bado tunasoma faili lako."

Pauline aliishika stakabadhi kwa ncha za vidole, kama samaki wa moto.

Wakarudi Sindo alasiri. Machuki alidhani wangetawanyika ufuoni, kwa kuwa omena walikuwa wameachwa juani bila mtu, lakini walimfuata mpaka saibani. Pauline akamsogelea.

"Kile kiapo, umebaki na nakala?"

"Ninayo. Unataka ya kuweka?"

"Nataka kujifunza majina yao," alisema. "Nimeyasikia jana na leo, yote kwa haraka. Yamenipotea."

Machuki alifunua mashine, akaweka karatasi ya kwanza. Nyuma yake Zilpah Anyango alishajikalia juu ya debe.

"Toa nyingine kumi na moja," alisema. "Hata mimi sikushika yote."