Zamu ya Kulinda Shomoro

...kwa dirisha, shoga! Mama mkwe wangu mtarajiwa kaingia kwa dirisha la jikoni! Mguu mmoja kwenye sinki, mkoba kauning'iniza shingoni, mchumba wangu anamsukuma kwa nyuma, "Taratibu mama, taratibu." Ngoja nikusimulie vizuri, nisije nikafa kwa kicheko kabla sijafika penye kilio.

Unajua shomoro walitaga kwenye taa ya juu ya mlango wa dada, hapa ninapoishi? Basi wale pacha wake wa miaka miwili, Bonge na Kidevu, wakawapenda kufa. Wangeachwa watazame, yakaisha. Lakini shemeji si afisa mipango? Akaitisha kikao sebuleni, na ajenda juu! Azimio la kwanza: mlango usifunguliwe mpaka makinda waruke. La pili: wote tupite dirisha la jikoni, ndilo pekee lisilo na nondo. La tatu: zamu za kuchungulia nyuma ya pazia, na daftari la kusaini.

"Na tukiona paka?" dada akauliza.

"Mnajaza fomu."

Wiki ya kwanza tulichungulia kweli. Ya pili, mh! Nani akae nyuma ya pazia saa nzima anatazama taa? Dada alikuwa anaandika "Hali shwari" akiwa bado kitandani. Shemeji anatuma yake kwa simu akiwa kazini. Mimi, sikufichi, Jumatatu nilijaza zamu zangu zote mpaka Jumapili. Nikatia na utamu: "Makinda wamelishwa, wana afya njema."

Siku hizi za karibuni pacha wanatuvuta nguo: "Ndege enda! Ndege hapana!" Na sisi kwa pamoja: "Shhh! Mtawaamsha!"

Sasa leo Jumamosi ndiyo mama alikuwa anakuja kuniona kwa mara ya kwanza. Na huyo mama akisema hapana, mwanawe hana ubavu wa kuendelea na mimi, mwenyewe kaniambia. Nikambembeleza shemeji, "Fungua mlango, leo tu." Akasema azimio halitenguliwi bila kikao, na akidi haijatimia kwa sababu dada yuko saluni.

Ndipo likaja hilo dirisha.

"Shikamoo mama," nikasema, huku namwondolea kijiko kilichonasa kwenye kitambaa chake.

"Marahaba. Hivi ndivyo mnavyoishi siku zote?"

Shemeji akamweleza kirefu, kifua mbele, akamfungulia daftari. Kosa! Yule ni fundi cherehani, miaka thelathini anashona sare za shule. Hausifii mshono mpaka augeuze ndani. Akasoma ya jana. Akasoma ya leo. Akafunua ukurasa mwingine.

"Na kesho pia makinda wamelishwa," akasema. "Mwandiko wa nani huu?"

Kidevu, mtoto asiye na adabu, akaninyooshea kidole.

Mama akavuta stuli, akafungua mlango (shemeji kashika kichwa!), akapanda, akachungulia kwenye taa.

"Humu mna manyoya mawili na vinyesi vikavu. Hawa wameondoka siku tatu nne zilizopita."

"Enda!" pacha wakapiga makofi. "Ndege enda!"

"Lakini taarifa zinaonyesha..." shemeji akaanza.

"Taarifa zimebaki, baba. Ndege ndio hawapo." Kisha akanigeukia mimi. "Siku mwanangu akiugua utaniandikia nini? Hali shwari?"

Shoga, nilitamani sakafu inimeze. Nikafikiria uongo wa aina tatu, wote mzuri. Halafu nikajikuta nimesema, "Mama, nilijaza tu. Wiki nzima sijachungulia hata mara moja."

Akanitazama mpaka masikio yakawaka moto. "Hilo ndilo neno la kwanza la kweli nililosikia tangu nitoke kwenye sinki. Sijasema ndiyo. Wala hapana. Kesho saa nne asubuhi uje kwangu. Peke yako, mwanangu asikufundishe la kusema."

Akatoka kwa mlango, kichwa juu. Shemeji saa hii anaandaa kikao cha dharura: nani kafungua mlango.

Mimi hata usingizi sina. Sijui naitiwa ndoa au naitiwa kwaheri. Kesho mchana usizime simu, tafadhali. Nikitoka kwake, kabla sijavuka hata barabara, nakupigia nikwambie kasemaje.