Kivuli cha Karakana

Mdogo wangu alizaliwa na ualbino, na baba yetu, fundi wa kuchomelea vyuma, alilichukia jua kama mtu anavyomchukia mgomvi wake. Bosi, ndivyo Baba alivyomwita mdogo wangu, tangu akiwa na miaka sita alikuwa akitoka shule anakaa karakanani, chini ya paa, kwenye kiti kilichokuwa hatua mbili kutoka meza ya kazi. Akifika, Baba aliwaambia wateja, "Bosi ameingia, sasa kazi ianze." Nje Bosi alivaa kofia pana, ndani aliivua kwa sababu ya joto. Baba akitaka kuchomelea alisema, "Macho," kisha akashusha barakoa yake, naye Bosi akageukia ukuta. Macho yake hayakudhurika hata siku moja.

Mimi nafundisha fizikia. Kila mwaka huchora ubaoni mstari mmoja mrefu: mawimbi ya redio, mikrowevu, infraredi, rangi tunazoziona, urujuanimno, eksirei, gama. Huwaambia wanafunzi kwamba yote ni ukoo mmoja. Hutofautiana kwa urefu wa wimbi, na kadiri wimbi linavyofupika ndivyo nguvu inavyozidi. Mwako wa kuchomelea huutaja kila mara, kama mfano wa kitu kinachotoa urujuanimno. Miaka ile, nikitoka shuleni nilipita karakanani kuwasalimu Baba na Bosi. Nilimsifu Baba kwa kile kivuli.

Bosi alipotimiza miaka ishirini na minne, kidonda kilitokea nyuma ya sikio lake la kulia. Daktari alisema ni saratani ya ngozi, na imeshafika kwenye tezi. Wakamtibu kwa eksirei kali. Baba akaniuliza inakuwaje mwanga umle mtu, halafu mwanga huohuo umponye. Nikamweleza kuwa si huohuo. Haukumponya.

Wiki moja baada ya maziko Baba alinikuta nikikunja nguo za Bosi. Alikuwa ameshika ile kofia.

"Mwanangu, wewe ndiye mwalimu. Hapa nyuma ya sikio kofia ilikuwa inafunika. Jua lilipita wapi?"

Ningeweza kusema sijui.

"Si jua, Baba. Ni ule mwako wa kuchomelea. Una mionzi ileile inayounguza ngozi juani, na haionekani."

Aliketi kitandani, akaigeuzageuza kofia.

"Alikuwa ananiambia shingo inawaka," alisema. "Nikamwambia ni joto tu, Bosi. Nikamnunulia feni."

Joto ni mionzi mingine, ile infraredi iliyo ng'ambo ya wekundu, na haikuwa na kosa. Sikumsahihisha.